Mwendo wa Motokaa na Mtu Aendaye kwa Miguu

Mtoto akaaye Sola, katika wilaya ya Maswa, azijua njia za namna mbili. Ya kwanza ni njia ya miguu, ipitayo kati ya mashamba ya pamba na mahindi, yenye kupinda huku na huku ili kuepuka mti au jiwe. Katika njia hii hukutana na ng'ombe na wachungaji wao, na baiskeli iliyofungwa madumu ya maji, na mkokoteni uvutwao na maksai. Vitu hivi vyote huenda mwendo ambao jicho la mtu laweza kuufuata. Hata fahali akikasirika, mtu hupata nafasi ya kukimbilia nyuma ya mti.

Ya pili ni barabara kuu, itokayo Mwigumbi katika mkoa wa Shinyanga, ikapita Maswa na Bariadi, ikafika Lamadi karibu na ziwa Victoria. Mkoa wa Simiyu ulipoanzishwa mwaka 2012, sehemu kubwa ya barabara hiyo ilikuwa bado ya vumbi na mashimo. Leo imetiwa lami. Faida yake ni kubwa, wala hakuna mtu atamaniye kuyarudia matope ya zamani: mgonjwa hufika hospitali upesi, na pamba hufika kwenye kinu cha kuchambulia bila ya kulala njiani. Lakini yale mashimo yalikuwa na kazi moja ambayo hakuna aliyeishukuru. Yalimlazimisha dereva kwenda polepole, apende asipende. Mashimo yalipozibwa, kazi hiyo ilibaki kwa sheria, na kwa akili ya dereva mwenyewe.

Basi sheria yasemaje? Sheria ya Usalama Barabarani ya Tanzania, iliyotungwa mwaka 1973, yaamuru kwamba mahali penye nyumba za watu motokaa isizidi mwendo wa kilometa 50 kwa saa. Nje ya mji magari mazito hayana ruhusa kupita kilometa 80. Bila shaka umeuona ubao wa mviringo mweupe, wenye duara jekundu na tarakimu 50 katikati. Madereva wengi huudhani kuwa ni mtego wa polisi wa kutoza faini. Hebu tufanye hesabu wenyewe, tuone kama ni mtego au ni kitu kingine.

Kwanza yatupasa kujua kwamba hakuna motokaa isimamayo papo hapo. Mtoto akitokea ghafula barabarani, jicho la dereva lamwona, habari yafika akilini, akili yaamua, kisha mguu waondoka mahali pake na kukanyaga breki. Mambo hayo yote huchukua kadiri ya sekunde moja kwa dereva aliye macho. Kwa dereva aliyechoka, au aliyelewa, au atazamaye simu yake, huchukua zaidi sana. Na katika sekunde hiyo motokaa haijapunguza mwendo hata kidogo. Iendayo kilometa 30 kwa saa yapita meta 8. Iendayo 50 yapita karibu meta 14. Iendayo 80 yapita meta 22. Yote haya breki haijaguswa bado.

Halafu breki zakamata. Tuseme barabara ni kavu, na mipira ya magurudumu ni mizuri. Motokaa ya kilometa 30 yahitaji meta 5 nyingine hata isimame. Ya kilometa 50 yahitaji meta 14. Ya kilometa 80 yahitaji meta 35. Tazama vema hesabu hizi, maana zina ajabu yake. Kutoka 30 mpaka 60 mwendo umezidi mara mbili tu, lakini nafasi ya kusimama kwa breki yatoka meta 5 yafika meta 20, yaani mara nne. Mwendo ukizidi mara tatu, nafasi hiyo huzidi mara tisa. Ndiyo sababu mtu hadanganyiki sana akikadiria mwendo mdogo, na hudanganyika mno akikadiria mwendo mkubwa.

Sasa jumlisha sehemu zote mbili. Motokaa ya kilometa 30 husimama katika meta 13. Ya 50 katika meta 28. Ya 80 katika meta 57, nayo ni zaidi ya nusu ya urefu wa uwanja wa mpira. Mvua ikinyesha, au mipira ikiwa imelika, meta huzidi. Lori lililojaa marobota ya pamba nalo lahitaji nafasi kubwa kuliko motokaa ndogo.

Na tumweke mtoto barabarani, meta 13 na nusu mbele ya motokaa. Dereva wa kwanza alikuwa akienda kilometa 30 kwa saa. Amwona, akanyaga breki, na motokaa yasimama karibu sana na miguu ya mtoto. Mtoto aogopa, dereva amkaripia, kisha kila mtu ashika njia yake. Dereva wa pili alikuwa akienda kilometa 50. Huyu naye ni mtu mwema, mwenye macho mazuri na breki nzuri kama za mwenziwe. Lakini motokaa yake yahitaji karibu meta 14 kabla ya mguu kuifikia breki. Kwa hiyo amgonga mtoto kwa mwendo ule ule wa kilometa 50, bila kupungua. Pale ambapo wa kwanza amekwisha simama kabisa, wa pili hajaanza kusimama.

Watu husema, "Lakini kilometa kumi ni kitu gani?" Na tulinganishe 50 na 60. Dereva wa kilometa 50 asimama katika meta 28. Mahali hapo hapo yule wa kilometa 60 bado aenda kwa mwendo wa kilometa 40 kwa saa. Kilometa kumi alizoongeza hazikumletea hasara ya kilometa kumi. Zimeleta hasara ya arobaini.

Kisha kuna neno la nguvu ya pigo. Nguvu nayo hufuata kawaida ile ile ya mara mbili kuwa mara nne. Njia nyepesi ya kuifahamu ni kufikiri habari za kuanguka. Mtu aangukaye kutoka juu hupiga chini kwa mwendo fulani, na mwendo huo twaweza kuuhesabu. Kugongwa kwa kilometa 30 kwa saa ni kama kuanguka kutoka meta 3 na nusu, yaani kutoka juu ya paa la nyumba ya kawaida. Waweza kuvunjika mkono au mguu, lakini kwa kawaida utapona. Kugongwa kwa kilometa 50 ni kama kuanguka kutoka karibu meta 10, katika kilele cha mwembe mkubwa. Na kugongwa kwa kilometa 80 ni kama kuanguka kutoka meta 25. Sijui mti wowote huku Usukumani ambao mtu angeupanda mpaka meta 25, na kama angeupanda, mama yake asingemwacha.

Shirika la Afya Duniani limeeleza jambo hili kwa hesabu ya watu. Katika watu wazima 100 wagongwao na motokaa iendayo kilometa 50, wanaokufa hawafiki 20. Wakigongwa na motokaa ya kilometa 80, hufa karibu 60. Nao hao ni watu wazima. Mtoto ni mfupi, hata uso wa motokaa ukimgonga mtu mzima kwenye paja, mtoto wampata kifuani au kichwani. Shirika hilo hilo lilieleza kwamba katika mwaka 1 tu, mwaka 2021, ajali za barabarani ziliua watu wapatao 1,190,000 ulimwenguni, na kwamba kwa watu wenye umri wa miaka 5 hadi 29 ajali hizo ndizo zinazoua kuliko ugonjwa wowote. Malaria twaiogopa, na ni haki. Lakini nani amemwambia mwanafunzi wa darasa la sita kwamba barabara ni adui mkubwa kuliko homa?

Mtoto akigongwa, mara nyingi utasikia watu waliokusanyika wakisema, "Alikuwa mzembe, hakutazama." Pengine ni kweli hakutazama. Lakini wataalamu waliopima macho ya watoto wameona neno la kushangaza: mtoto wa shule ya msingi, hata akitazama kwa bidii, hawezi kutambua vema motokaa imjiayo kwa mwendo uzidio kadiri ya kilometa 30 kwa saa. Motokaa ijayo moja kwa moja mbele ya macho haionekani kupita mbele ya kitu chochote. Yaonekana tu ikikua. Mwanzoni yakua polepole, hata mtoto adhani imesimama au iko mbali bado. Kisha yakua ghafula, na nafasi imekwisha. Macho ya mtu mzima hutambua mapema zaidi, kwa sababu ubongo wake umekomaa. Basi mtoto aweza kutazama kulia, na kushoto, na kulia tena, kama alivyofundishwa, na bado akakosea. Mimi naona si haki kumwekea mtoto mzigo ambao macho yake hayawezi kuubeba, huku mtu mzima aliyeshika usukani akisamehewa.

Tazama hesabu nyingine. Barabara yenye upana wa meta 7 mtoto huivuka kwa sekunde 6 hivi, akienda mwendo wa kawaida. Katika sekunde 6 motokaa ya kilometa 50 hupita meta 83, na ya kilometa 80 hupita meta 133. Mwanafunzi aliyezoea magari yanayotii ubao hujua kwamba motokaa ikiwa kwenye mti fulani, meta 100 mbali, aweza kuvuka salama. Siku moja yaja motokaa ya kilometa 80. Mti ni ule ule, na hatua zake ni zile zile. Ila siku hiyo motokaa itamfikia kabla hajamaliza kuvuka.

Na dereva apata faida gani? Tuseme mji una urefu wa kilometa 2. Akiupita kwa kilometa 80 kwa saa atatumia sekunde 90. Akiupita kwa kilometa 50 atatumia sekunde 144. Tofauti ni sekunde 54. Hizo ndizo haraka zote alizokuwa nazo. Akifika Bariadi atazitumia kungoja chai ipoe.

Kushindana huku kwa mwendo na miguu si jambo la jana. Huko Uingereza, hapo magari ya barabarani yalipokuwa yakiendeshwa kwa mvuke, watu waliyaogopa sana. Mwaka 1865 ilitungwa sheria kwamba gari la namna hiyo lisizidi maili 4 kwa saa mashambani na maili 2 mijini, yaani kilometa 6 na 3. Tena sharti mtu atangulie mbele yake kwa miguu, ameshika bendera nyekundu, kuwaonya watu na farasi. Sisi leo twacheka tukisikia habari ya bendera hiyo. Lakini mwezi wa Agosti mwaka 1896, motokaa moja iliyokuwa ikionyeshwa kwa watu katika bustani za Crystal Palace, London, ilimgonga mama mmoja, jina lake Bridget Driscoll, akafa. Alikuwa mtu wa kwanza katika nchi ile kuuawa na motokaa akienda kwa miguu. Mwaka huo huo sheria ya zamani ilifutwa na motokaa zikaruhusiwa mwendo mkubwa zaidi. Tangu wakati huo mwendo wa motokaa umezidi mara nyingi. Mwendo wa miguu ya binadamu, na ugumu wa mifupa yake, haukuzidi hata kidogo.

Je, hakuna dawa? Iko, wala haiko mbali. Katika Dar es Salaam shirika moja liitwalo Amend lilichagua shule za msingi ambazo watoto wake walikuwa wakigongwa mara kwa mara. Wafanya kazi wake walitazama kila shule kwa peke yake: watoto watoka wapi, wavukia wapi, lango la shule lafungukia upande gani. Kisha wakajenga vitu visivyo vya gharama kubwa: matuta ya kupunguza mwendo, vivuko vilivyopakwa rangi, njia za waenda kwa miguu kando ya barabara, na vibao. Penginepo walihamisha lango tu, lisifungukie barabarani. Wataalamu walipolinganisha shule hizo na nyingine zisizotengenezwa, waliona kwamba idadi ya watoto walioumizwa ilipungua kadiri ya robo. Mwaka 2019 kazi hiyo ilipewa tuzo kubwa ya miji na taasisi ya WRI ya Marekani. Watoto wale hawakugeuka kuwa werevu kuliko kwanza. Motokaa ndizo zilizopunguzwa mwendo.

Matuta, nayajua, hayapendwi. Abiria wa basi hurushwa, mayai huvunjika, dereva hunung'unika. Hata mimi nimegonga kichwa changu juu ya basi kwa ajili ya tuta nisilolitazamia. Na tuta lisilopakwa rangi wala kutangulizwa kibao ni hatari kwa mwenye pikipiki usiku. Kwa hiyo lijengwe na wajuao kazi, si kwa mawe na udongo wa kijiji. Lakini tuta lina sifa moja kuliko askari na kuliko ubao: halilali, halipokei chochote mkononi, wala halimjui mkubwa na mdogo.

Mataifa mengine yamekwenda mbele zaidi. Mwezi wa Februari mwaka 2020 mawaziri wa nchi nyingi walikutana Stockholm, mji mkuu wa Sweden, wakatangaza kwamba mahali ambapo motokaa na waenda kwa miguu huchanganyika mwendo usizidi kilometa 30 kwa saa. Wewe uliyefuata hesabu zetu waweza kueleza kwa nini walichagua 30, si 40 wala 50. Mji wa Helsinki, katika nchi ya Finland, ulikuwa umekwisha kupunguza mwendo katika njia zake nyingi hata kufikia 30. Mwaka 2019 mji huo, wenye watu zaidi ya 600,000, haukupoteza mwenda kwa miguu hata mmoja kwa kugongwa na motokaa.

Huku kwetu, kwa sasa, sheria ni 50. Ikishikwa hiyo 50 kwa kweli, maisha mengi yataokoka. Mpaka madereva waishike, mwanafunzi hana budi kujihadhari. Apite upande wa kulia wa barabara, ili motokaa zilizo karibu naye zimjie usoni, si mgongoni. Asivuke mbele wala nyuma ya basi lililosimama, maana hapo yeye haoni wala haonekani. Asivuke mahali barabara ipindapo. Wadogo wawashike mikono, wala wasiwaache wavuke kwa kukimbizana. Usiku avae nguo nyeupe kama anayo.

Sasa iko kazi ya kufanya pamoja na mwalimu, mkiwa mmesimama mbali na barabara, penye kivuli. Chagueni miti miwili au nguzo mbili kando ya barabara, zilizo mbali meta 100, mkipima kwa kamba njia ya pembeni, si juu ya lami. Mtoto mmoja ainue mkono motokaa ifikapo kwenye mti wa kwanza. Mwingine mwenye saa ahesabu sekunde mpaka ifike mti wa pili. Kisha gawanyeni 360 kwa sekunde hizo, nanyi mtapata mwendo wake kwa saa. Ikitumia sekunde 12, mwendo ni kilometa 30. Ikitumia sekunde 7 na sehemu mbili za kumi, ni 50. Ikitumia sekunde 4 na nusu, ni 80. Andikeni motokaa, mabasi, malori na pikipiki kila kimoja katika safu yake, kwa muda wa saa nzima, kisha mpeni mwalimu mkuu karatasi hiyo aipeleke kwenye mkutano wa kijiji. Wazee husikiliza hesabu kuliko malalamiko.

MASWALI

Motokaa iendayo kilometa 60 kwa saa hupita meta ngapi katika sekunde 1?

Dereva atazama simu yake kwa sekunde 3, akienda kilometa 50 kwa saa. Amepita meta ngapi bila kuiona barabara?

Kwa nini breki nzuri hazimfai mtoto aliye meta 13 na nusu mbele ya motokaa iendayo kilometa 50?

Katika magari mliyoyapima, ni mangapi yaliyozidi 50, nayo yalikuwa ya namna gani?